Ratili Mia Tatu na Nne za Gongwe

Katika nchi ya Linganya kura hazihesabiwi, hupimwa. Kila mpigakura hupewa kigae cha udongo wa kuchoma chenye uzito wa ratili moja kamili, naye hukitia katika gunia la mgombea anayemtaka. Jioni magunia hupandishwa kwenye mizani, na uzito wake ndio matokeo. Niliambiwa kwamba zamani walikuwa wakihesabu kama watu wengine, hadi rais mmoja alipoona kuwa kuhesabu kunawapa watu nafasi ya kubishana juu ya kila kura, ilhali hakuna anayebishana na mizani. Sheria ikabadilishwa. Mabishano hayakupungua, ila sasa yalihitaji mafundi.

Mimi ni fundi mizani, jina langu Idarusi. Idara ya Mizani ya Linganya iliniita miezi miwili kabla ya uchaguzi wa rais ili nikague mizani za vituo vya kusini, kwa kuwa sheria yao inataka fundi awe mgeni asiye na upande. Kituo changu cha mwisho kilikuwa mji mdogo wa Gongwe, na huko nikapangiwa chumba nyumbani kwa Mwalimu Zamaradi Kuga.

Mwalimu Zamaradi alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mfundishaji wa hesabu katika shule ya mji, na kwa miaka kumi na tano msimamizi wa kituo cha kupigia kura. Mtu wa maneno machache. Alikuwa akimuunga mkono Bwana Dege Kisuda, mpinzani, lakini hilo nililijua kwa kuwa kaka yake alilisema kila siku mezani, si kwa kuwa yeye alilisema. Kaka huyo, Ngoda, alikuwa seremala, mpana wa kifua na mwepesi wa kucheka, na wakala wa Rais Shembago katika kituo kilekile. Alikuwa akija kula mchana kwa dada yake tangu alipofiwa na mkewe.

"Fundi," aliniambia siku ya kwanza, "umewekwa nyumba ya upinzani. Ukitaka kusikia mambo ya maana njoo karakana kwangu."

"Mambo ya maana anayasemea hapahapa, akila chakula cha upinzani," dada yake akajibu, akamwongezea mchuzi.

Nilikaa nao wiki tatu kabla ya siku ya uchaguzi. Walibishana kuhusu barabara, bei ya mbegu, na kama Shembago, aliyekuwa madarakani mwaka wa kumi na nane, alikuwa amechoka au la. Hawakuwahi kuinuka mezani wamenuniana.

Siku ya uchaguzi ilipita kwa utulivu. Gongwe ililetewa vigae elfu moja mia moja na hamsini. Jioni, jua likiwa limezama, tulipandisha magunia kwenye mizani mbele ya watu, na mimi mwenyewe nilisimama kando nikiangalia mshale. Magunia ya Kisuda yalikuwa na ratili mia nane na kumi na mbili. Ya Shembago yalikuwa na ratili mia tatu na nne. Vilibaki vigae thelathini na vinne vya watu ambao hawakufika. Mwalimu Zamaradi akajumlisha mara mbili, akaandika matokeo kwa chaki kwenye ukuta wa nje wa shule kama sheria inavyoagiza, kisha mawakala wote wawili wakatia saini fomu.

Ngoda alitia saini ya kwanza. "Hapa tumepigwa," alisema. "Kwingine mtatuona."

Siku ya tatu redio ilisoma matokeo ya nchi nzima, kituo kwa kituo. Tulikuwa tumekaa barazani, Mwalimu anasahihisha madaftari. Ilipofika zamu ya Gongwe msomaji akasema: Kisuda, mia nane na kumi na mbili, Shembago, elfu moja mia tatu na nne. Akaendelea na kituo kingine.

Mwalimu aliweka kalamu chini. Akasema, kama anavyomwambia mwanafunzi, "Hiyo ni elfu mbili mia moja na kumi na sita. Tulipewa vigae elfu moja mia moja na hamsini."

Rais Shembago alitangazwa mshindi adhuhuri ile.

Nilitoka kwenda shuleni, nikakuta watu wamejaa mbele ya ukuta. Wengine walisema redio imesema uongo. Wengine walisema ukuta ndio uongo. Kilichonishangaza ni kwamba katika hao wa pili nilimwona mzee mmoja aliyekuwa amenishikia taa ya kuangalizia mshale siku ile. Nilimuuliza yeye alisoma ngapi. Akanijibu kwa upole kwamba siku ile alikuwa anasoma kwa macho tu, na kwamba baadaye ameelewa vizuri zaidi.

Ndani ya wiki moja mji uligawanyika. Mama mmoja aliyeuza maandazi karibu na soko alianza kumuuliza mteja kwanza, "Wewe wa ukuta au wa redio?" Arusi iliyokuwa imepangwa iliahirishwa, kwa kuwa wajomba wa bwana arusi walikuwa watu wa ukuta na wajomba wa bibi arusi walikuwa watu wa redio, na hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuwaamkia wenzake.

Serikali ilileta Daftari la Kuridhika. Karani alipita nyumba kwa nyumba, na kila raia alitakiwa kuandika jina lake katika safu mojawapo. Safu ya kwanza iliandikwa "Nimeridhika." Ya pili iliandikwa "Nitaridhika baadaye." Niliuliza kama kuna ya tatu. Karani alinijibu kwamba ilikuwepo miaka ya nyuma lakini ilileta mgawanyiko.

Kisha akaja Bwana Fumbwe, mkuu wa Idara ya Mizani, yule aliyeniajiri. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye heshima kwa kila mtu. Alimletea Mwalimu fomu mpya iliyopigwa chapa, yenye ratili elfu moja mia tatu na nne.

"Mwalimu, ni marekebisho madogo," alisema. "Saini yako tu ndiyo imebaki."

"Marekebisho ya nini, mheshimiwa?"

"Magunia yalinyeshewa njiani. Ya Kisuda yalikuwa chini, yamefunikwa. Ya Rais yalikuwa juu. Udongo unanyonya maji, uzito ukaongezeka. Tulipoyapima tena makao makuu tukapata hiyo."

"Basi maji ndiyo yaliyompigia kura."

Bwana Fumbwe hakukasirika. "Sheria inasema kura ni uzito. Haisemi uzito wa nini. Sikuiandika mimi."

"Sitaweka saini."

"Kaka yako ameweka."

Akafungua mkoba akamwonyesha. Niliiona saini ya Ngoda chini ya ile tarakimu, kubwa na ya mviringo, kama anavyoandika majina ya wateja kwenye mbao. Mwalimu aliitazama, akamrudishia karatasi, akamwomba radhi kwamba ana kipindi shuleni.

Mchana ule Ngoda alikuja kula kama kawaida. Dada yake alimpakulia, akaweka sahani mbele yake, kisha akachukua ya kwake akaenda kulia jikoni. Tulibaki wawili mezani.

"Walikuja watu wanne karakana," Ngoda aliniambia bila kuinua uso. "Watu wangu, Fundi. Nimekula nao, nimezika nao. Wakasema mshindi ameshatangazwa, sasa mimi namgomea nani? Mwenyewe nilitaka ashinde."

Alikula nusu, akaondoka. Hakurudi kesho yake wala siku zilizofuata.

Sheria ya Linganya inaruhusu malalamiko ya uchaguzi, mradi yapokelewe ofisini ndani ya siku tatu tangu mshindi atangazwe. Sheria nyingine, ya zamani zaidi, inazifanya siku hizo tatu kuwa sikukuu ya ushindi, na ofisi zote hufungwa. Hakuna aliyewahi kuona tatizo hapo, niliambiwa, kwa kuwa hakuna lalamiko lililowahi kufika. Lakini Mwalimu Zamaradi alikuwa amezisoma sheria zote mbili mapema. Siku ya pili ya sikukuu, kabla hata Bwana Fumbwe hajaja, alikuwa amesafiri mpaka mji mkuu, Upeo, akasimama kwenye mlango wa ofisi iliyofungwa, akampa mlinzi bahasha. Mlinzi alikuwa na muhuri wa kupokelea vifurushi. Akaugonga, akaandika tarehe, akamrudishia nakala.

Kwa hiyo katika nchi nzima kukawa na lalamiko moja halali, la kituo kimoja, na Baraza la Rufaa likalazimika kulisikiliza. Vyama vyote vilijaza ukumbi, maana kila mtu alijua kwamba Gongwe ikipasuka, watu watauliza kuhusu vituo vingine.

Mimi niliitwa na serikali kama shahidi wa kwanza. Wakili wao, Bwana Baramia, alinieleza mapema kwamba nitaulizwa maswali matatu nami nijibu ndiyo au hapana. Nilikubali. Nilijiambia kwamba mimi ni fundi, siasa yao si yangu, na kusema kweli hakuna aliyewahi kudhurika kwa kusema kweli.

"Wewe ni mgeni usiye na upande katika uchaguzi huu?"

"Ndiyo."

"Ulikagua mizani ya Gongwe ukaikuta sahihi?"

"Ndiyo."

"Je, udongo wa kuchoma hunyonya maji na kuongezeka uzito?"

Nilimwona Mwalimu Zamaradi, amekaa mstari wa mbele, mikono juu ya mkoba wake. Nilijua mimi, na Bwana Fumbwe aliyekuwa nyuma yangu alijua, kwamba kigae cha ratili moja ukikilaza ndani ya pipa la maji kutwa nzima hakiongezeki sana, labda robo tu. Kuongezeka mara nne hakiwezi. Lakini swali halikuwa hilo.

"Ndiyo," nikasema.

"Asante, Fundi. Keti."

Nikaketi.

Shahidi wa pili alikuwa Ngoda. Alikuja na suti ambayo nadhani ilikuwa ya arusi yake, mikono ya koti imepita vifundo vya mikono kidogo. Bwana Baramia alimwonyesha fomu mpya.

"Hii ni saini yako?"

"Ni yangu."

"Wewe ni mfuasi wa Rais Shembago?"

"Tangu nina miaka ishirini. Na jana pia."

Watu wakacheka, wakili naye akatabasamu. "Asante. Keti."

Ngoda hakukaa. "Mheshimiwa Jaji, sijamaliza."

Jaji Lukoo, mwenyekiti wa Baraza, alikuwa mama mzee mwenye sauti ndogo. "Umeulizwa, umejibu," alisema.

"Nimejibu kuhusu saini. Sijajibu kuhusu mizani." Alikuwa ameshika ukingo wa kizimba kama anayepima ubao. "Mimi nilikuwa pale. Nilitaka Rais ashinde, na bado nataka, na huyu dada yangu namwambia kila siku kwamba Kisuda ni mtu wa maneno matupu. Lakini magunia yetu yalikuwa na ratili mia tatu na nne. Niliweka saini kwenye fomu ya kwanza kwa kuwa niliona. Hii ya pili niliweka kwa kuwa niliogopa kubaki peke yangu. Saini zote mbili ni zangu. Ya kweli ni ya kwanza."

Mstari wa tatu walikuwa wamekaa watu wanne wa Gongwe, nami nikawaona wakiinuka mmoja baada ya mwingine, wakatoka bila kumtazama. Ngoda aliwaangalia mpaka mlango ulipofungwa.

Mtu aliyekuwa na kila sababu ya kukaa alikuwa amesimama, na mimi nisiye na upande nilikuwa nimeketi. Nikainuka.

"Mheshimiwa, na mimi sikumaliza. Kigae kikilowa hakiongezeki zaidi ya robo. Ratili mia tatu na nne zikilowa chapachapa hazifiki hata mia nne. Hakuna mvua ya kuzifanya elfu moja."

"Fundi, wewe ulishaketi," alisema Jaji Lukoo.

"Najua, Mheshimiwa."

"Maneno ya shahidi aliyeketi hayaandikwi."

Nilimtazama mwandishi wa Baraza. Alikuwa ameweka kalamu kando ya karatasi, akisubiri tumalize.

Hukumu ilisomwa baada ya siku nne. Ilikuwa na kurasa sitini, na nusu yake ilisifu utulivu wa wananchi. Baraza lilisema kwamba shahidi Ngoda alikuwa ametia saini mbili zinazopingana, hivyo hawezi kuaminika katika lolote. Lilisema kwamba msimamizi wa kituo alikuwa na ushabiki. Kisha likafika kwangu. "Fundi mgeni asiye na upande," Jaji Lukoo alisoma kwa sauti yake ndogo, "amethibitisha mbele yetu, kwa neno moja lisilo na shaka, kwamba udongo hunyonya maji na kuongezeka uzito." Uchaguzi ukathibitishwa kuwa wa haki kwa kiwango ambacho mazingira yaliruhusu.

Nje ya ukumbi wafuasi wa Kisuda walimzunguka Ngoda, wakataka kumbeba mabegani. Alijitoa mikononi mwao. "Niacheni," alisema. "Mimi si mtu wenu."

Tulirudi Gongwe watatu kwenye basi moja, kila mmoja kiti chake. Kesho yake nilimfuata Mwalimu darasani wanafunzi wakiwa mapumzikoni.

"Mwalimu, nakuomba radhi. Lile neno langu ndilo lililotumika."

Alikuwa akifuta ubao. Hakuacha kufuta. "Uliulizwa jambo la kweli ukajibu kweli. Ndiyo maana walikuita wewe, wala hawakumwita mwongo."

"Nilijua wanakokwenda nalo."

"Ndiyo. Ulijua." Akageuka akanitazama. "Na baadaye ulisimama. Hayakuandikwa, lakini mimi nilisikia, na Ngoda alisikia. Usijipunguzie wala usijiongezee. Weka ilivyo."

Barua zilifika wiki ileile. Mimi nilisimamishwa kazi na kutakiwa kuondoka Linganya, kwa kosa la kusema nikiwa nimeketi kisheria. Mwalimu Zamaradi aliondolewa usimamizi wa kituo kwa maisha yake yote, na akahamishiwa shule ya mpakani, mwendo wa siku mbili, kuanzia muhula uliofuata. Ngoda hakupata barua yoyote. Ila wateja wake, ambao wengi walikuwa watu wa redio, walianza kupeleka kazi zao kwa seremala mwingine, na watu wa ukuta, kwa kuwa aliwakatalia, nao hawakuja.

Siku ya kuondoka kwangu Mwalimu alipika wali na samaki wa kukaanga. Tulipokuwa tunanawa, Ngoda alitokea mlangoni. Hakuwa amefika pale tangu siku ile ya fomu. Alisimama kizingitini na vumbi la mbao kwenye nywele, kama mgeni.

"Hodi," akasema.

Mwalimu alimtazama. Kisha akaingia jikoni, akarudi na sahani ya tatu, akaiweka mahali pake pa siku zote.

Tukiwa tunakula niliuliza jambo ambalo nilikuwa nimelibeba tangu Upeo: kama vituo vyote vingepimwa kwa haki, nani angeshinda?

"Hatutajua," alisema Mwalimu. "Hilo ndilo walilotunyang'anya. Hata Ngoda wamemnyang'anya."

"Kweli," Ngoda akasema. "Huenda tulishinda kwa halali. Sasa hata nikisema, nani ataamini? Mimi mwenyewe siamini." Akatoa mwiba wa samaki, akauweka ukingoni mwa sahani. "Lakini dada, Kisuda naye angetupeleka wapi? Yule hajawahi kujenga hata choo."

"Na Shembago kajenga nini Gongwe? Nitajie kimoja."

"Daraja."

"Daraja lilijengwa kabla yake. Yeye alilipaka rangi."

"Alilipanua."

"Upande mmoja, Ngoda. Upande wa shamba la shemeji yake."

"Upande mmoja ni upande pia. Hebu muulize Fundi, yeye amepita pale."

Nilisema sitaingia katika hilo. Hawakunisikia. Mwalimu alikuwa amevuta kiti mbele, Ngoda ameegemea meza kwa viwiko viwili, na sauti zao zilikuwa zimepanda kama zilivyokuwa zikipanda wiki zile za mwanzo. Basi langu lilipiga honi njia panda. Nikabeba mfuko wangu, nikawaaga. Mwalimu alinishika mkono bila kuondoa macho kwa kaka yake, akaniambia niende salama, kisha akamwambia yeye kwamba kabla hawajafika kwenye mbegu wamalize kwanza habari ya daraja.

Nilipokuwa nikivuka uwanja wa shule bado niliwasikia.